Kompyuta ya Mama Haikubali Kulala

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na watoto, na zikukute kile kikohozi kimeshakuachia. Mama aliniuliza habari za kikohozi hicho kabla sijaweka begi chini. Nilipomwambia kwamba kwenye simu ulikuwa unaongea bila kukatika, alisema basi umeacha kulala dirisha wazi, akaonekana kuridhika kama mtu aliyeshinda kesi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, na bati la ukumbini linavuja palepale ulipopaziba.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Wewe kwenye simu unaniendesha kama mwenyekiti wa kikao: nikikaribia jambo lenyewe unaniambia nifupishe. Na nyumba hii unaijua, ukipiga chafya sebuleni unaambiwa pole kutoka jikoni. Habari ninayokuletea ni ndefu, sitaki ikatwe, wala sitaki mama ajisikie anasimuliwa kama vile hayupo. Kwa hiyo nimekaa kwenye kitanda changu cha zamani, kalamu mkononi. Nawe kaa chini uisome hadi mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Ulinituma jambo moja. Ulisema niende nikae na mama, niangalie kwa macho yangu, halafu nikuambie kama ni kweli hawezi tena kuishi peke yake. Ushahidi wako ulikuwa mambo mawili, sufuria iliyoungua hadi ikatoboka, na kompyuta. Kompyuta ndiyo uliyoitilia mkazo, kwa sababu hiyo uliishuhudia. Ulikuja, jioni mama akakuhakikishia ameizima, asubuhi ukaikuta inawaka, ina joto kama mgonjwa wa homa. Jioni iliyofuata ukaizima mwenyewe, ikalala hadi kulipokucha. Ukahitimisha kwamba mashine ni nzima na mama anasahau, ukapanga kuja na gari mwisho wa mwezi umchukue kwako, chumba cha kuchapia kifungwe, na mashine apewe mtu anayeihitaji. Sikulaumu. Kwa ulichokiona, hata mimi ningeandika hivyo.

Chumba chenyewe hakijabadilika sana. Mlango wa mbele unafunguka barabarani kama zamani, na ng'ambo bado kuna wachomea vyuma, ila sasa ni watoto wa wale tuliowajua. Kelele ni zilezile. Benchi la wateja liko ukutani. Kile kibao ulichokiandika wewe kwa rangi iliyobaki ya mlango kipo bado, TUNACHAPA, HATUTUNGI, na herufi za mwisho zimebanana pembeni kwa sababu hukupima nafasi. Pale ilipokuwa taipureta pana kioo cha kompyuta, kibodi mbele yake, printa kushoto. Boksi lenyewe limewekwa chini ya meza, nyuma ya pazia dogo, lisigongwe na miguu ya wateja. Taipureta iko juu ya kabati, imefunikwa kama mgeni aliyelala.

Nilisimama mlangoni kidogo, maana harufu ya karatasi mpya na wino ilinirudisha mbali. Unakumbuka baba alivyokuwa akitoka kazini, anavua viatu, anakaa kwenye kigoda na kumsomea mama miandiko mibaya ya wateja? Yeye anasoma, mama anachapa, hawatazamani, na kila mwisho wa mstari kengele inalia. Akifika kwenye neno asiloliweza alisema, "Hapa ameandika kuku au kaka, chagua," na mama bila kuinua kichwa alimwambia asome mbele, watajua. Wewe ulikuwa unapeleka kazi zilizokamilika, shati la shule limechomekwa, bahasha kifuani, unatembea kama balozi. Mimi nilikuwa chini ya meza nikichezea karatasi za kaboni zilizochoka, vidole vya buluu hadi kwenye kucha. Tukitoka shule mchana tulisinzia kwenye benchi lile, kichwa chako huku na changu kule, mlio wa mashine ukitubembeleza. Hadi leo nikisikia watu wakichapa kwa kasi macho yananilemea, na kwa mtu aliyefanya kazi vyumba vya habari maisha yake yote, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Siku ya kwanza sikufanya chochote ila kumuuliza mama anaifungaje. Alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuhojiwa vya kutosha. Anamaliza kazi, anaihifadhi, anaizima mashine kwa utaratibu, anangoja kioo kiwe cheusi, anakizima, anafunika, anafunga mlango. Akaongeza kwamba kama wewe unadhani yeye anaota, basi uje na kipimo cha ndoto umpime. Jioni ile nikamwomba niizime mimi. Asubuhi niliikuta baridi kama jiwe. Jioni iliyofuata akaizima yeye, nami nilikuwa jikoni naosha vyombo. Asubuhi ilikuwa inawaka.

Asubuhi ile nilianza kukuandikia ripoti kichwani, na haikuwa nzuri. Hata hivyo sijawahi kupeleka habari yenye chanzo kimoja. Nikamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, ambaye hapa wanamwita Fundi Vumbi, kwa sababu chochote kikiharibika, hata saa ya mkononi, jibu lake la kwanza ni kwamba kimeingia vumbi.

Alilitoa boksi chini ya meza, akalifungua, akalipuliza hadi sote tukapiga chafya, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Mama akamwambia awashe, azime, halafu akae hapohapo angoje. Alikaa. Mashine ikalala. Nikamuuliza ni nini kinachoweza kuifanya kompyuta ijiwashe baada ya kuzimwa. Alieleza vizuri. Kitufe cha kuwashia kikikwama kwa ndani, mashine hudhani kuna mtu anakibonyeza. Waya wa mtandao nao unaweza kuiamsha kutoka mbali. Na kuna mashine inayokwama katikati ya kuzima, na badala ya kusema imekwama, inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo, alisema, ni kama mlevi anayeanguka mlangoni, akainuka, akapiga hodi. Alivipima vyote. Kitufe kilirudi vizuri. Akachomoa waya wa mtandao, akachomoa printa, akazima, akangoja, akachomeka kimoja kimoja, akazima tena. Kila mara ililala kama mtoto aliyeshiba.

Akaniita ukumbini, karibu na ndoo inayokinga matone, akakuna shingo. Alisema, "Dada, usinielewe vibaya. Bi mkubwa namheshimu, barua yangu ya kwanza ya kuombea kazi alinichapia yeye. Lakini labda anazima kioo tu, anadhani amezima mashine. Wengi hufanya hivyo." Aliisema kwa sauti ya chini, ila nyumba ni ileile. Kutoka chumbani mama akaniagiza nimwambie huyo kijana kwamba yeye alikuwa anafunga mashine wakati kijana bado anafungwa nepi. Fundi akaomba radhi kupitia ukuta, akachukua begi lake.

Unajua kazi yangu imenifundisha nini, kaka? Mtu akikueleza jambo analolifanya kila siku, kuna hatua moja ataiacha. Haiachi kwa kuficha. Haioni tena. Mpishi hakuambii kwamba alikoroga. Kwa hiyo jioni ile sikuuliza kitu. Nilikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, nikaangalia.

Mama alikuwa anamalizia mkataba wa mtu anayepangisha duka. Hakutazama vidole hata mara moja. Akahifadhi, akaiagiza mashine izime. Kioo kikaaga, kikawa cheusi, pumzi ya boksi ikakatika, na taa yake ndogo ikafa. Niliinama kuchungulia chini ya pazia, kwa hiyo hapo hakuna hadithi. Mpaka hapo kila neno alilotuambia lilikuwa kweli. Akazima kioo, akakivisha kile kitambaa alichokishona. Halafu akavuta droo, akatoa kipande cha flana, akaanza kufuta kibodi.

Desturi hiyo unaijua. Taipureta haikuwahi kufunikwa ikiwa chafu. Kazi ikiisha, vitufe vinafutwa safu kwa safu, kushoto kwenda kulia kama mtu anayesoma, na sisi hatukuruhusiwa kumsemesha wakati ule. Ndivyo alivyofunzwa na yule bibi mkali aliyemfundisha kuchapa, na ndivyo alivyowafunza wasichana wote waliopita mikononi mwake. Kompyuta ilipokuja aliihamishia desturi yote, akabadili kitu kimoja tu. Kibodi ikifutwa mashine ikiwa hai, inamwaga upuuzi kwenye kazi ya mteja. Kwa hiyo anazima kwanza, ndipo anafuta.

Hakuwa amefika safu ya pili niliposikia, chini ya kelele za vyuma vinavyokatwa ng'ambo ya barabara, pumzi nyepesi. Nikapiga magoti, nikainua pazia. Taa inawaka. Mama aliendelea kufuta, akafunika kibodi, akaniuliza kama chai aiweke maziwa. Nikamwambia, "Mama, imeamka." Akainama na yeye, mkono mmoja mezani, akatazama. Akasema, "Si nilisema." Hakuinua sauti. Lakini nilimwona akivuta kiti na kukaa.

Tulirudia, maana jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati. Akafuta yeye, ikaamka. Nikafuta mimi, ikaamka. Nikabonyeza kitufe kimoja tu kwa kidole, ikaamka. Tukaizima bila kuigusa, ikalala. Wewe uliizima ukaenda zako. Mimi vilevile, na fundi vilevile. Hakuna kati yetu aliyeiaga kama mama anavyoiaga, na kwa hiyo sote tulikuwa mashahidi wa tukio jingine. Shangazi Sindano, yule mshonaji wa mlango wa pili, alisikia tunacheka akaja na kipimo chake shingoni. Alipoelezwa alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye cherehani, alitaka tukubali kwamba methali hiyo ni mali yake.

Kesho yake nikampigia Fundi Vumbi. Nilipomweleza, nadhani alikuna shingo. Akaja mbio. Kumbe kabla mashine haijaamka sawasawa kuna ukurasa wa mipangilio ya ndani kabisa, maandishi matupu, na humo akatuonyesha mstari unaosema kwamba kitufe chochote cha kibodi kinaruhusiwa kuiwasha. Alisema mashine hii ilistaafishwa kutoka ofisi fulani ambako maboksi yalifungiwa kwenye makabati kwa kufuli, wafanyakazi wakawa wanayaamsha kwa kibodi. Hakuna aliyeiambia kwamba imebadilisha mwajiri. Alikuwa ameshaufikia mstari ule, kidole kiko tayari kuubadilisha, mama aliposema, "Uache."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Mama akamwambia mashine ibaki kama ilivyo, akamshukuru, akamtakia siku njema. Fundi akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama, na mama alikuwa anatazama kibodi. Fundi akafunga begi.

Hapa, kaka, ningeweza kuweka nukta. Ningekuandikia kwamba mashine ndiyo iliyokuwa na kasoro, mama alisema kweli tangu mwanzo, tulimdhania vibaya, gari lisije. Kila neno lingekuwa sahihi. Habari za namna hiyo nimezikataa mezani kwa watu wengi, waandishi wazuri kuliko mimi. Siwezi kukupa wewe.

Mama alifunga mlango wa mbele mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akakaa kwenye kiti chake, akanionyesha benchi. Kisha akaniuliza, "Ukiitengeneza hiyo mashine, mimi nitamsingizia nani?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa mpangilio, kama anayesoma imla. Sufuria aliiunguza yeye. Na kabla ya ile unayoijua kulikuwa na nyingine, ambayo Shangazi Sindano aliitupa kabla hujafika. Kuna siku alitoka kununua karatasi, kwa njia aliyoipita tangu hatujazaliwa, na kwenye kona ya duka la vifaa akawa hajui nyumbani ni upande gani. Alisimama pale akijifanya anangoja mtu, mpaka Sindano alipopita akamshika mkono bila kusema kitu. Kuna mteja alimchapia barua, kesho yake akaichapa tena upya, na mteja kwa heshima akazichukua zote mbili. Ile siku yeye na Sindano walipotuambia wanakwenda kupimwa macho, walikwenda kwa daktari mwingine. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa kusahau, bado uko mwanzoni, unaweza kwenda polepole, lakini hakuna wa kumwahidi. Mama alimwapisha Sindano asitupe habari. Sindano, ambaye tangu tukiwa wadogo hakuwahi kukaa na neno kinywani hata kwa muda wa kutunga uzi, aliitunza siri hiyo.

Nikamuuliza kwa nini basi aliipigania kompyuta kiasi kile. Alisema kwa sababu katika yote uliyomhesabia, hilo peke yake alikuwa na hakika nalo. Kichwa kilikuwa kimeanza kumdanganya, ila mikono bado. Mikono yake ilikumbuka kuzima. Kila asubuhi alipoondoa kitambaa akaikuta inawaka, alijiuliza kama mikono nayo imejiunga na kichwa, na akawa anashika kazi ya siku ile kwa woga. Na wakati huohuo, alisema, ugomvi wa mashine ulimfaa. Maadamu wewe na yeye mlikuwa mnabishana kuhusu kompyuta, hakuna aliyeuliza tena kuhusu sufuria. Mashine ikipona, mgonjwa anabaki mmoja.

Mimi ndiye mliyenipa jina la Maswali tangu sijaanza shule. Mchana ule sikuwa na swali hata moja. Nilikwenda kuweka chai, nikaiweka maziwa, nikarudi nayo, tukanywa tukisikiliza watu wakigonga mlango na kuondoka.

Asubuhi aliniamsha yeye. Alisema nimwite fundi aje aubadilishe ule mstari, kwa sababu umri wake haumruhusu tena kujificha nyuma ya kibodi. Fundi akaja, akaubadilisha, akazima. Mama akatoa flana akafuta vitufe vyote, safu kwa safu, na sote watatu tukategea sikio boksi chini ya meza. Kimya. Haikuamka. Akakunja flana yake, akaniambia, "Mwandikie kaka yako." Nikamuuliza niandike nini. Akasema niandike yote kama yalivyotokea, nisimrembe.

Kwa hiyo na haya nayaandika. Nimemtazama akifanya kazi tangu siku hiyo, na nakuletea nilichokiona, kizuri na kibaya. Alikuja mzee mmoja kuchapiwa malalamiko yake kuhusu mpaka wa kiwanja. Mama alimuuliza jina, baada ya kitambo akamuuliza tena, na alipolihitaji mara nyingine akampa karatasi, akamwomba amwandikie kwa mkono wake ili asije akakosea herufi. Mzee hakugundua kitu. Barua ilitoka safi, haina kosa, na mahali pawili mama alikuwa amenyoosha sentensi zilizopinda bila kugusa maana. Halafu akaenda jikoni, na nikamkuta amesimama katikati, anatazama kabati, hakumbuki alifuata nini. Nilimwacha. Alikumbuka. Alifuata kisu. Mara nyingine hakumbuki, anarudi kukaa, na hataki mtu azungumzie.

Ombi lake kwako ni moja, nami nalifikisha kwa maneno yake kadiri nilivyoweza kuyashika. Anasema usimchukue mwisho wa mwezi. Anasema nyumba yako ni nzuri na wifi ni mtu mwema, lakini huko hajui swichi iko upande gani wa mlango. Hapa akisahau, kuna kilichokuwepo cha kukumbuka, na akipotea kwenye kona, kuna anayemjua. Alisema, "Kwa mwanangu nitasahau vitu ambavyo sijawahi kuvijua." Siku atakaposhindwa kumaliza ukurasa mmoja safi, atafunga mlango mwenyewe na kupanda gari lako bila kubembelezwa. Nilimuuliza nani atakayeamua kwamba siku hiyo imefika. Akasema mimi, kwa sababu mimi sina huruma na makosa ya chapa. Nadhani alinisifu.

Nimekwisha kuzungumza na mhariri wangu. Alilalamika kidogo, kisha akakubali kwamba habari ninazoziandika siku hizi naweza kuziandikia popote palipo na meza na simu. Sanduku langu litafika wiki hii. Nitalala kwenye chumba chetu, na nimeshakiondoa kile kitanda chako cha chuma, maana kilikuwa kinalia hata bila mtu juu yake. Nimekubaliana na Shangazi Sindano kwamba jiko haliwashwi ila mmoja wetu akiwa karibu. Kwa daktari tutakwenda pamoja, na safari hii tutasema tunakwenda kwa daktari gani. Sikuahidi kwamba haya yatadumu. Daktari mwenyewe hakuahidi. Itafika siku nitakuandikia barua nyingine, fupi kuliko hii, na utakuja na gari. Nakuomba tu usiifanye siku hiyo iwe mwisho wa mwezi huu.

Lakini uje. Tarehe uliyoipanga ni nzuri, iache palepale, ila acha gari la mizigo, chukua begi la nguo. Kaa siku kadhaa. Mkae wawili pale benchini akufundishe kutumia hiyo kompyuta, kwa sababu ameniambia kwa siri kwamba barua zako za kazini zimejaa nafasi zisizo na maana. Mtagombana, na itakuwa heri. Muda wa kugombana naye akiwa anajua anagombana na nani ni mali, kaka, na hatujui umebaki kiasi gani.

Mama anakusalimu, anamsalimu wifi, anawaombea watoto afya na akili za shule. Shangazi Sindano anakusalimu na kusema hakusema uongo, alinyamaza tu, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Waambie watoto shangazi yao hana zawadi ila ana nafasi ya kulaza watu watatu sakafuni.

Jambo la mwisho mama ameniagiza leo asubuhi, akiwa amesimama mlangoni kwangu nikiandika. Anasema ukifika atakuuliza habari za wanao kwa majina, mmoja mmoja. Ukiona amenyamaza katikati, usimtajie, na usimtazame kwa huruma. Mngoje. Anasema jina linakuja, ila siku hizi linakuja kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Maswali